Zima Kamera, Tumia Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili sikulifungua kwa hiari yangu. Fundi wa kompyuta wa ofisini ndiye aliyeniagiza. Tangu mvua zianze nimempelekea mashine yangu mara tatu, na mara zote tatu amenitazama kama mwanafunzi anayejisingizia homa siku ya mtihani. Leo akasema, "Dada, kila ikizima andika siku, saa, na ulikuwa unafanya nini." Haya, naandika. Hakunikataza kuongeza mengine, kwa hiyo nitaongeza.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Nakaa kati ya kiziwi na asiyejua alama, nageuza mikono kuwa sauti na sauti kuwa mikono. Daraja limefungwa kwa mafuriko, barabara ya kuzunguka inakula nusu siku, basi kazi yote sasa naifanya kwa kamera, katika chumba chenye meza moja na dirisha lisilofunga sawasawa. Kompyuta ikizima, nimekatwa mikono.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Imezima. Nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya malezi.

Fundi, hayo ndiyo yako. Yanayofuata ni yangu.

Kuna mama mshonaji wa sare za shule. Viziwi hupeana majina ya alama, na jina lake ni kidole kwenye shavu, kwa ajili ya kishimo kinachojitokeza akicheka. Humu nitamwita Kishimo. (Mimi mwenyewe naitwa Nyusi. Wanasema nikikasirika zinafika kwenye nywele kabla yangu.) Mwezi wa kwanza Kishimo alilazwa wiki mbili kwa upasuaji, akamwachia mama mkwe wake mtoto wa miaka miwili na nusu. Alipotoka hospitali kwenda kumchukua, bibi akagoma. Anasema asiyesikia hawezi kulea, mtoto ataungua jikoni akipiga kelele na mama kainamia cherehani. Baba wa mtoto yuko kazini nchi nyingine, na neno lake ni kwamba wanawake wamalizane wenyewe. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Kikao kiko hivi: mwenyekiti na wajumbe ofisini kwao, bibi na msemaji wake kwao, Kishimo mbele ya ofisa wa ustawi wa eneo lake, mimi huku. Upande wa bibi umepinga mimi na Kishimo kukaa chumba kimoja siku ya kikao, eti nitamfundisha majibu. Kamati ikakubali. Kwa hiyo kila neno la huyu mama sharti lipite kwenye kijicho cha kamera kisichozidi punje ya mtama.

Mwenyekiti akamuuliza jina. Nikainua mikono. Picha ikaganda, kisha kioo chote kikawa buluu, na juu yake kiuso kilichonuna na maneno kwamba kompyuta imepata tatizo na inasikitika. Inasikitika, masikini. Nilipofanikiwa kurudi, kikao kilikuwa kimeahirishwa kwa wiki mbili. Wiki mbili za mtoto bila mama yake, na tulikuwa hatujavuka swali la jina.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine imekwenda kwa fundi asubuhi, imerudi alasiri na kikaratasi mgongoni: Imepimwa. Nzima. Amepuliza vumbi kwenye feni. Kuanzia leo fundi huyu namwita Bwana Nzima.

Jumanne, 12 Machi

Saa tatu na nusu, tena saa tano kasoro. Daktari wa meno, mgonjwa kiziwi, mdomo wazi, hajui anang'olewa jino lipi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja ya hao waliotuuzia mfumo wa vikao. Kijana mwenye sauti laini akanishauri nizime kamera, nitumie sauti. Nikamweleza taratibu kwamba mteja wangu hasikii, ndiyo maana nipo. Akasema amenielewa kabisa, mama, na akanipa pole. Kisha akaniomba nijaribu kuzima kamera.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Ripoti za mwezi kutwa. Haikuzima. Sijui imekula nini.

Ijumaa, 15 Machi

Mkutano wa wafanyakazi, wa sauti tu kwa kuwa mkuu wetu hapendi kuonekana. Saa mbili nzima za maneno. Haikuzima. Siku ambayo ningeishukuru kwa kuzima.

Jumatatu, 18 Machi

Imezima saa nne. Bwana Nzima anasema ni umeme wa msimu wa mvua. Amenipa chaja mpya. Kikaratasi kilekile.

Nikamwomba mkuu kompyuta nyingine. Zilinunuliwa sita za aina moja, na waliopewa zile tano wanachapa barua tu, hawalalamiki. Akanipa ya mhasibu. Saa saba mchana nayo ikafa, buluu ileile, uso uleule. Nilidhani sasa nimeshinda. Mkuu akafikiri, akaniuliza kama labda mikono yangu ina umeme.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu.

Alhamisi, 21 Machi

Saa nne na dakika arobaini. Imezima. Nitaandika yote, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Leo bibi alisema ya kwake. Kanuni ya ukalimani ni moja: husemi la kwako, hupunguzi, huongezi. Mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akitukana, unatukana kwa niaba yake. Bibi alizungumza dakika ishirini, na lazima niseme hakuwa akipiga kelele. Alikuwa na kitambaa mkononi na anampenda yule mtoto, hilo lilionekana. Kisha akaiinamia kamera yake akauliza:

"Hebu niambieni, ni mtoto gani alilelewa na bubu akajua kuongea sawasawa na watu?"

Nikaigeuza ilivyo, pamoja na lile neno. Nilimwona Kishimo akilipokea. Akanyoosha mgongo.

Sasa nitakuambia wewe daftari, kwa kuwa kule nimefungwa mdomo. Mama yangu alikuwa kiziwi. Baba alituacha nikiwa mchanga. Neno langu la kwanza lilikuwa la mikono, lilikuwa "maziwa", na maneno ya mdomo niliyaokota kwa majirani na redioni. Bibi amenisikia nikizungumza tangu kikao cha kwanza. Sauti inayomfikishia kila anachosema Kishimo ndilo jibu la swali lake. Na siruhusiwi kulitamka.

Kishimo akainua mikono kujibu. Picha ikaganda. Buluu.

Niliporudi, msemaji wa bibi alikuwa anaieleza kamati kwamba kila mama huyu anapotakiwa kujibu, mitambo inaharibika, na wao wanaona kuna kitu. Kikao kikaahirishwa tena.

Ijumaa, 22 Machi

Bwana Nzima amefuta kila kitu na kuisimika mashine upya. Kamusi yangu ya alama za hospitali, miaka minne ya kazi, imekwenda na maji. Sikuambiwa ninakili kwanza. Kikaratasi: Imepimwa. Nzima.

Jumanne, 26 Machi

Saa tano. Imezima.

Jumatano, 27 Machi

Saa tatu. Imezima. Mvua haijakatika tangu juzi, chumba kinanuka unyevu, na mume wangu anasema nimeanza kufoka hata nikiomba chumvi.

Alhamisi, 4 Aprili

Kikao cha tatu. Mwenyekiti si mtu mbaya, ila amechoka, na mchoshi wake ni mimi. Kabla hatujaanza akasema amepata ushauri kutoka huduma kwa wateja: mkalimani azime kamera, atumie sauti.

"Mheshimiwa," nikasema, "nikizima kamera, mama huyu atanisikia kwa kitu gani?"

Mjumbe mmoja akacheka, kisha akakumbuka alipo. Tukaendelea na kamera. Dakika nne. Buluu.

Uamuzi: tarehe 18 ni mara ya mwisho. Mitambo ikikwama tena, Kishimo ataandika majibu yake kwenye karatasi papo hapo.

Wao wanaona wamempa nafasi. Kishimo alitolewa shule darasa la nne kwa kuwa hakuna mwalimu aliyejua alama. Maandishi kwake ni lugha ya ugenini. Kwa mikono atakueleza jambo mpaka ulione limesimama mbele yako, ila ukimpa kalamu ataandika "mtoto mimi lala mkono tumbo", na wao watasoma na kutazamana, na mtoto atabaki kwa bibi. Hasira niliyo nayo leo sijui niiweke wapi. Nimefua mapazia yote ya nyumba kwa mkono.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimelisoma daftari tangu mwanzo. Nilitaka kutafuta adabu yangu ilipopotelea, nikakuta jambo lingine.

Siku za ripoti, haikuzima. Mkutano wa sauti tupu wa saa mbili, haikuzima. Daktari wa meno, kamera wazi, imezima. Vikao, kamera wazi, imezima. Ya mhasibu ilikuwa haina neno miezi yote, mimi nikaifungua kamera, ikafa siku hiyohiyo. Si mvua, wala umeme, wala mikono yangu. Ni kamera. Yumkini yule fundi alijua alichokifanya aliponiambia niandike. Bado nina hasira naye.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemfuata ofisini kwake na daftari mkononi, nikamuuliza huwa anaipimaje. Akasema anaipigia simu ya majaribio, anaiacha nusu saa. Nikamuuliza kama ni kwa kamera.

"Kwa sauti, dada. Kamera huwa naifunika."

Akanionyesha. Ana karatasi ya vibandiko vyeusi vya duara. Kila kompyuta ikiingia mlangoni, jambo la kwanza ni kibandiko kwenye jicho la kamera, mtu asije akachunguliwa na wahalifu wa mitandaoni. Anapima, anaona nzima, anabandua, anarudisha. Wiki tano. Mgonjwa wa macho amekuwa akipimwa masikio, na kila mara anaandikiwa cheti cha uzima.

Sikupiga kelele. Sawa, nilipiga.

Akakubali kujaribu kwa kamera. Tukaiacha wazi dakika kumi ikitazama ukuta, haikuzima. Akasema unaona. Nikasema ukuta hauongei. Mashine inataka simu ya kweli na mikono inayocheza. Jioni nikamtumia Kishimo ujumbe wa video kwa simu yangu, nikimwomba anisubiri hewani Jumamosi tuijaribu mashine. (Simu haina shida, ila mfumo wa vikao haufunguki kwenye simu, kwa ajili ya siri.) Akajibu: "Nakuja niione."

Jumamosi, 13 Aprili

Amekuja. Amezunguka barabara ya juu, mabasi mawili, tangu alfajiri, akaingia viatu mkononi na matope mpaka magotini. Nilimwambia mapema, na fundi akiwepo, kwamba kesi hatuigusi. Akasema hakuja kwa kesi, amekuja kumwona adui yake.

Bwana Nzima alimweka jirani yake wa ofisi chumba cha pili, atupigie kwa kamera. Mimi nikakaa mbele ya kioo nikizungumza kwa mikono. Yeye akaweka sikio kwenye feni. Kishimo akavuta kiti akakaa ubavuni mwa mashine, mikono mapajani, akitazama tu. Dakika ya saba, buluu. Fundi akasema feni haikubadilika mlio, hajaelewa.

Kishimo akanigusa mkono. "Taa," akasema.

Pembeni mwa jicho la kamera kuna kitaa cha kijani kidogo mno. Alisema kilipepesa mara mbili, kikazimika, na picha yangu bado ilikuwa hai. Kisha ndiyo ikaganda, kisha ndiyo buluu. Fundi akasema huenda ni bahati tu. Tukarudia. Safari hii Kishimo akainua kidole, na sisi wawili tukamtazama kama wajinga, tukahesabu mpaka tano, buluu. Tukarudia ya tatu. Kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Buluu.

Bwana Nzima akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba basi kamera ndiyo inayokufa kwanza, na inaivuta mashine nzima kaburini. Akafungua orodha ya vifaa. Kila kifaa kina programu yake ndogo inayokiongoza, wenyewe huiita draiva, na ile ya kamera ilikuwa imesasishwa yenyewe tarehe 26 Februari. Wiki ya mvua za kwanza. Yeye alikuwa anatafuta kosa kwenye mvua. Na alipoisimika mashine upya, aliipakia draiva hiyohiyo mbovu kwa mkono wake mwenyewe.

Akairudisha ile ya zamani. Tukazungumza saa nzima mbele ya kamera, habari za vifungo, bei ya uzi na watoto wa shule wasiojua kukaa na sare safi. Kitaa hakikupepesa. Fundi akaniuliza samahani inasemwaje kwa mikono. Nikamwonyesha. Akamwambia Kishimo. Halafu akanigeukia na mimi akaniambia. Kishimo akampa jina palepale, vidole vikifumba na kufumbua: Taa.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa nne na robo. Imezima.

Niliweka kichwa mezani. Siku tatu zimebaki.

Fundi alikuja mbio kabla sijampigia. Mashine imejisasisha yenyewe jana Jumapili, imejirudishia kilekile tulichokitoa. Akaing'oa draiva yote, akaiachia kamera ile ya kawaida inayokuja na kompyuta, akafunga mlango wa masasisho. Amekaa nayo hadi jioni. Kikaratasi cha leo: Imepimwa kwa kamera wazi, dakika tisini, watu wawili wakizungumza. Neno "nzima" hakuliandika.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Kamati ilidai maelezo ya mitambo kwa maandishi, na fundi aliyatuma jana bila kunionyesha. Mwenyekiti akayasoma kwa sauti, nami nikayageuza. Alieleza kosa, tarehe, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiipima vibaya kwa wiki tano. Mstari wa mwisho: "Aliyegundua chanzo ni mama wa mtoto, kwa kutazama, baada ya mimi na mkalimani kushindwa."

Kishimo akaniuliza, "Wamesema mimi?" Kanuni ni kanuni. Nikamwambia mwenyekiti, "Wamesema mimi?" Mwenyekiti akasema ndiyo, wewe.

Msemaji wa bibi akaruka. Huyu ni mkalimani wa wapi? Kwa hiyo walikutana! Nikayageuza na hayo. Lakini fundi alikuwa ameandika na hilo: alikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na maneno yote yalikuwa ya taa na vifungo. Mwenyekiti akasema atalirudia baadaye, kwanza mama ajibu.

Na Kishimo akajibu. Dakika thelathini na mbili, kitaa kijani, bila kupepesa. Alisema kwenye ukuta mbele ya cherehani ametundika kioo cha kujitazamia, anaona chumba chote nyuma yake bila kugeuka. Wakilala, mkono wake uko tumboni mwa mtoto.

"Kabla hajalia, tumbo hujikaza," akasema, nami nikasema. "Nyinyi mnaamka akishalia. Mimi naamka kabla."

Bibi alikuwa anakikunja kitambaa chake.

Ndipo mwenyekiti akarudi kwangu. Kwa kuwa sifa zangu zimetiliwa shaka, akasema, anataka jibu moja liingie kwenye kumbukumbu: lugha hii nilijifunzia chuo gani?

Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kuniuliza la kwangu ndani ya kikao. Na nikiulizwa, lazima nijibu.

"Sikujifunzia chuo, mheshimiwa," nikasema, na kwa kuwa Kishimo ana haki ya kujua kila linalosemwa, mikono yangu ikasema vilevile. "Ni lugha ya mama yangu. Hakuwa akisikia. Alinilea peke yake."

Nilimwona bibi akiinua uso, akinitazama, kama mtu anayesikia sauti yangu kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti akaandika. Akasema, "Asante, mkalimani. Tuendelee."

Alhamisi, 25 Aprili

Mtoto anarudi kwa mama yake Jumamosi. Ofisa wa ustawi atawatembelea kila mwezi, na bibi atakuwa naye siku za likizo. Hilo la likizo Kishimo ndiye aliyeliomba.

Huduma kwa wateja wamepiga kuuliza kama niliridhika. Nimewaambia niliyowaambia. Ukurasa huu hautoshi.

Jumapili, 12 Mei

Daraja limefunguliwa. Fundi amepata kamusi yangu nusu kwenye diski ya zamani, ameileta nyumbani mwenyewe, akakaa akanywa chai. Vibandiko vyake bado anabandika, lakini sasa anabandua kabla ya kupima.

Kishimo amepiga, mtoto mapajani. Nilimsalimia kwa mikono, akanitazama muda mrefu, miezi minne bila alama si midogo kwa mtu wa umri ule. Nikadhani amesahau zote. Kisha akatoa kidole, akakiweka juu ya jicho lake, akakivuta taratibu kwenye unyusi. Jina langu.

Fundi, yako ni haya. Saa kumi jioni. Kamera wazi dakika arobaini. Haikuzima.